Somo la Tisa: Mikoko ni Ghala Letu

Madhumuni ya somo hili

Ukimaliza somo hili utaweza kusoma na kueleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mikoko inavyolisha bahari, na jinsi bahari inavyotulisha sisi. Utaweza pia kupiga hesabu ya miche. Mwisho, wewe na wenzako mtajadili mambo ya kufanya kijijini.

Maneno ya kujifunza

delta: mahali ambapo mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini
mche: mti mchanga wa kupanda, ikiwa ni mingi husemwa miche
kitalu: mahali pa kukuzia miche
korija: vitu ishirini
hifadhi: mahali panapolindwa kwa sheria
kibali: karatasi ya ruhusa

1. Mto unapokutana na bahari

Ndugu mwanakisomo, mto Rufiji ndio mto mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Maji yake hutoka mbali. Mto Kilombero na mto Luwegu hukutana, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Mto Ruaha Mkuu nao huingia humo. Mvua inayonyesha Mbeya, Iringa na Morogoro hupita kwetu ikienda baharini. Njiani mto huchukua udongo. Udongo huo ndio uliojenga nchi yetu.

Mto ukikaribia bahari hugawanyika. Mkono mmoja huwa miwili, na miwili huwa mingi. Katikati ya mikono hiyo kuna visiwa, vijito na tope. Mahali hapo ndipo panapoitwa delta. Watu wa Nyamisati, Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala wanaishi humo. Leo wako katika wilaya ya Kibiti, iliyogawanywa kutoka wilaya ya Rufiji. Ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Mafia.

Maji ya kupwa na kujaa huingia na kutoka humo mara mbili kila siku. Miti mingi haiwezi kuishi mahali kama hapo. Chumvi huiua. Lakini mikoko inaweza.

Mikoko ya delta yetu imefunika kama hekta 53,000. Hekta moja ni kama kiwanja cha mpira kimoja na nusu. Hakuna msitu mmoja wa mikoko unaoushinda huu kwa ukubwa katika Afrika ya Mashariki. Karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara iko hapa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika orodha ya dunia ya maeneo ya maji yenye thamani kubwa, kwa mkataba unaoitwa Ramsar. Kwa hiyo mali hii tunayoiona kila siku, watu wa mbali pia wanaijua.

2. Jina moja, miti mingi

Mgeni akitazama kutoka kwenye mashua husema, "Hii yote ni mikoko." Sisi wenyeji tunaijua kwa majina.

Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Msinzi ni mti mnyofu, unapendwa kwa nguzo. Mkandaa ni mwembamba, unatoa fito, na magome yake hutia rangi. Mchu una majani yenye chumvi juu yake, ukiyalamba utaionja. Mlilana husimama mbele kabisa, unatazama bahari. Mkomafi una matunda makubwa ya duara, na mbao zake ni nzuri kwa fanicha na vyombo. Msikundazi hukaa nyuma, karibu na maji matamu. Kikandaa ni mti mdogo wa pembeni.

Kila mti una mahali pake. Jambo hili ni muhimu. Tutalirudia tutakapofika kwenye kupanda.

Tazama chini ya mchu au mlilana maji yakipwa. Utaona vijiti vingi vimesimama kwenye tope kama penseli. Hivyo si miche. Ni mizizi inayovuta hewa. Tope halina hewa, kwa hiyo mti hupumua kwa vijiti hivyo. Ukiufunika mzizi huo kwa tuta au kwa taka, mti hufa kama mtu aliyezibwa pua.

3. Safari ya kamba

Sasa tumfuate kamba mmoja.

Kamba jike hutaga mayai baharini, mbali na mikoko. Hutaga maelfu kwa maelfu. Mayai huanguliwa na vitoto hutoka, vidogo kuliko punje ya mchanga. Havina nguvu ya kuogelea. Huchukuliwa na maji. Vingi huliwa na samaki njiani. Baada ya wiki mbili au tatu vile vilivyobaki hufika kwenye midomo ya mto, na maji yanayojaa huviingiza ndani ya mikoko.

Humo hupata vitu viwili. Cha kwanza ni chakula. Majani ya mikoko huanguka majini na kuoza. Kaa huyakata na kuyaingiza matoboni. Vijidudu huyala. Kamba wachanga hula vijidudu hivyo na yale majani yaliyooza. Cha pili ni maficho. Samaki mkubwa hawezi kupita katikati ya mizizi. Mizizi ni kama uzio wa nyumba yenye watoto.

Kamba hukaa humo miezi michache. Akikua hutoka kurudi baharini, naye hutaga. Maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja au miwili. Basi tukikosea mwaka huu, mwaka ujao tutaona hasara kwenye nyavu.

Si kamba peke yake. Mkizi, mwatiko na samaki wengine wengi hukulia humo. Kaa wa koko hujichimbia tope chini ya mizizi. Tondo hutambaa hapo hapo. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji ya Rufiji na pwani iliyo karibu nayo. Kamba anayeliwa hotelini Dar es Salaam, huenda alilelewa chini ya mkoko wa Mbuchi au wa Msala.

Ndiyo maana tunasema mikoko ni ghala. Mtu hachomi ghala lake ili apate mahali pa kulima.

4. Kazi nyingine za mikoko

Mikoko ni ukuta. Wimbi likipiga msitu wa mikoko hupoteza nguvu kidogo kidogo, mpaka likifika nyuma limechoka. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia. Mwezi uliotangulia, Aprili, mafuriko makubwa yalikuwa yamefunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Mikoko haizuii mvua ya bara. Lakini nyumba iliyo nyuma ya mikoko minene hupata pigo dogo la bahari kuliko nyumba iliyo wazi.

Mikoko hushika udongo. Mto ukileta udongo, mizizi huukamata, na nchi huongezeka. Zamani udongo wote ulifika huku. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 ili kutoa umeme. Umeme ni maendeleo ya taifa zima. Lakini bwawa lolote hushika sehemu ya udongo uliokuwa ukiteremka na mto. Basi udongo ule tulio nao tayari ni lazima tuushike vizuri zaidi, na mikono ya kuushika ni mizizi ya mikoko.

Wenzetu wa mjini wameona ufuko usioshikwa ukiliwa. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imekula ufuko kwa miaka mingi na majengo yameanguka. Moja ya sababu ni watu kuchimba mchanga katika vijito vinavyoulisha ufuko. Mchanga ukichukuliwa kwa lori juu, ufuko hukosa chini.

Mikoko pia huweka akiba ya hewa ya ukaa katika tope lake. Hewa hiyo ikizidi angani, dunia hupata joto, na bahari hupanda. Ukikata mkoko na kuchimbua tope, akiba ile ya miaka mingi hutoka.

5. Mikoko katika historia

Tangu zamani sana mikoko ya Rufiji imekuwa biashara. Majahazi ya Arabuni na Uajemi yalikuja na pepo za kaskazi yakileta tende na mazulia. Yalirudi na pepo za kusi yakipakia boriti. Nchi zile hazina miti mirefu. Katika miji ya Lamu, Unguja, Maskati na Kuwait, vyumba vya nyumba za zamani vilikuwa vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Boriti ilihesabiwa kwa korija, na bado inahesabiwa hivyo.

Wadachi walipotawala waliona faida hiyo. Mwaka 1898 waliifanya mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi ya serikali yao. Magome yalisafirishwa Ulaya kwa kutengeneza ngozi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg iliingia delta mwaka 1914 na kujificha ndani ya mikoko kwa miezi mingi. Waingereza walihitaji ndege ili kuiona. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Tunaona basi jinsi msitu huu ulivyokuwa mnene.

Baada ya Uhuru ukataji uliendelea, na mahali pengi ulizidi kiasi. Mwaka 1980 redio ilitangaza kampeni ya Misitu ni Mali, na vikundi vya watu wazima vilikaa kusikiliza na kujadiliana. Huenda baba yako au bibi yako alikuwamo. Mwaka 1987 serikali ilisimamisha ukataji wa mikoko, kisha ikatengenezwa mipango ya kuitunza. Leo mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu.

Liko jambo moja zaidi la kukumbuka. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kufanya shamba kubwa sana la kufuga kamba katika delta. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Hata hivyo mwaka 1997 serikali iliukubali. Wanavijiji wengine waliutaka kwa ajili ya kazi. Wengi waliukataa, wakisema mikoko na mashamba yao yatapotea. Walikutana, wakaandika majina, wakasaidiwa na wanasheria, na wakaenda mahakamani. Mwishowe mradi haukujengwa. Fundisho letu ni hili: watu wa delta waliweza kutetea mikoko dhidi ya kampuni kubwa. Sasa kazi iliyobaki ni ngumu zaidi. Ni kuitetea dhidi ya mashoka yetu wenyewe.

6. Mambo yanayoharibu ghala letu

Jambo la kwanza ni mashamba mapya ya mpunga. Mkulima huchuna magome ya miti kuzunguka shina. Mti hukauka ukiwa umesimama. Kisha huukata na kuuchoma. Miaka ya mwanzo mpunga hustawi, kwa sababu udongo ni mpya. Lakini baada ya miaka michache magugu huzidi, kaa hukata miche, na mahali pengine chumvi hupanda. Mkulima huacha shamba na kufyeka jingine. Delta ya kaskazini imeumia zaidi, kwa sababu siku hizi maji mengi matamu ya mto hupita huko.

Jambo la pili ni kukata nguzo bila mpango. Mkataji huchagua miti iliyonyooka, yote, mpaka hakuna mti mzazi wa kuangusha mbegu.

Jambo la tatu ni kuni za matanuri ya chokaa na mkaa. Tanuri moja hula miti mingi.

Jambo la nne ni uvuvi mbaya. Kokoro hukwangua chini na kuchukua wakubwa na watoto. Chandarua hakiachi hata kitoto. Sumu ya utupa huua kila kitu katika kijito kizima. Baruti huvunja matumbawe ambayo samaki hukaa, na wavuvi wenyewe wamekatika mikono. Mwaka 2007 serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli kubwa, kwa sababu kamba walikuwa wamepungua sana. Meli zilipewa lawama, nazo zilistahili. Lakini mtoto wa kamba aliyeuawa kijitoni kwa chandarua hakuuawa na meli.

Jambo la tano ni taka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Lakini chupa, vifungashio na nyavu zilizochakaa bado hutupwa majini. Maji ya kupwa huzichukua, maji ya kujaa huzirudisha. Hunasa kwenye ile mizizi inayopumua. Wavu uliotupwa huendelea kuvua bila mwenyewe.

7. Mazungumzo: Shemeji wawili

Someni kwa sauti, watu wawili. Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga na kaka wa mke wake, ambaye ni mvuvi wa kamba.

Mvuvi: Hodi, shemeji.
Mkulima: Karibu, shemeji. Habari za majini?
Mvuvi: Majini siku hizi ni salama tu, si riziki. Jana usiku kucha nimepata kamba wa kujaza sufuria moja. Habari za kondeni?
Mkulima: Magugu yamenishinda. Shamba limechoka. Mwezi ujao nafyeka kule ng'ambo ya kijito.
Mvuvi: Kule kwenye misikundazi na michu?
Mkulima: Huko huko. Kuna udongo mweusi.
Mvuvi: Shemeji, nikuulize bila ugomvi. Hilo litakuwa shamba la ngapi?
Mkulima: La tatu.
Mvuvi: Na yale mawili ya kwanza yamekuwa nini?
Mkulima: Magugu. Mikoko haijarudi.
Mvuvi: Mimi navua mbele ya kile kijito. Kabla hujafyeka la pili, palikuwa na kamba. Sasa hapana.
Mkulima: Unataka kusema mimi nimewala kamba wako?
Mvuvi: Sikusema umewala. Nasema nyumba yao imekuwa jaruba.
Mkulima: Sawa. Lakini dada yako na watoto sita wale nini? Wale mizizi ya mkoko? Bwana misitu ananiambia nisifyeke, hanipi gunia la mchele.
Mvuvi: Hapo umesema kweli. Njaa haisikii somo. Lakini tazama. Ukifyeka, utalima miaka michache kisha utaacha. Na mimi nitakuwa sina kitoweo cha kuleta nyumbani kwako. Tutakula wali mkavu, kisha tutakosa hata wali.
Mkulima: Unanishauri nini basi?
Mvuvi: Usifyeke la tatu. Turudi kwenye la kwanza. Mimi na wanangu tutakuja siku nne kung'oa magugu. Miche ya mpunga tuikuze mpaka iwe mikubwa, kaa wasiweze kuikata. Na pale ukingoni mwa kijito tuache upana wa mikoko, pasiguswe.
Mkulima: Siku nne hazitoshi.
Mvuvi: Basi wiki. Ila wewe nawe utakuja kupanda mikoko katika lile la pili.
Mkulima: Nikipanda, bwana misitu atasema shamba ni lake.
Mvuvi: Hilo tulipeleke kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kabla ya kupanda.
Mkulima: Liandikwe. Mimi sasa najua kusoma. Sitatia dole gumba kwenye karatasi nisiyoielewa.

Jadilianeni: Je, mkulima ana haki katika maneno yake? Mvuvi je? Kama mngekuwa kwenye mkutano huo, mngetaka kiandikwe nini?

8. Tufanye nini?

Tuache miti wazazi. Mahali mikoko ilipokatwa, tazama kwanza kama miti wazazi iko karibu na kama maji yanaingia na kutoka. Ikiwa ndivyo, mara nyingi mikoko hurudi yenyewe. Ikiwa tuta la zamani limezuia maji, livunjwe kwanza. Kazi hiyo ya jembe inaweza kuleta miche mingi kuliko kupanda kwa mkono.

Tupande kwa maarifa. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kijiti. Ichume ikiwa imekomaa. Utaijua kwa shingo ya manjano inayotokea juu, karibu na tunda. Panda maji yakipwa. Ichomeke wima kwenye tope, sehemu moja katika tatu iwe chini, ncha yenye chongo iwe chini. Usiigeuze. Mkandaa na msinzi hupandwa namna hiyo hiyo. Mbegu ya mchu ni bapa. Ni vizuri kuikuza kitaluni kwanza.

Panda kila mti mahali pake. Usipeleke msikundazi mbele ya mawimbi, wala mlilana nyuma kwenye maji matamu. Usipande kwenye tope tupu ambalo halijapata kuwa na mikoko, kwa maana maji yataichukua.

Tukate kwa kiasi. Tukate kwa kibali, tukiacha miti ya mbegu na miti ya ukingoni. Nguzo nzuri haikui haraka. Mtoto akizaliwa siku unapopanda mkoko, atamaliza shule ya msingi kabla mkoko huo haujawa boriti.

Tuokoe kuni na nguzo. Jiko la udongo lililofunikwa pande tatu hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Mahali palipoinuka, nyumba ya matofali hupunguza haja ya nguzo. Minazi, mikorosho na miti mingine ipandwe nchi kavu ili tupate kuni humo.

Tuvue tukiacha mbegu. Nyavu ziwe na macho makubwa. Kaa mdogo na kaa jike mwenye mayai arudishwe majini. Tuwafichue wenye sumu na baruti, hata wakiwa ni ndugu zetu.

Taka zirudi nchi kavu. Kila chombo kiwe na gunia la taka. Wavu uliochakaa usitupwe majini.

Soma kibali. Usikubali kusomewa tu. Tazama mambo matano: jina lako, aina ya miti, idadi ya korija, mahali pa kukata, na tarehe ya mwisho. Ukilipa, dai stakabadhi, kisha linganisha tarakimu za stakabadhi na fedha ulizotoa. Mtu asiyesoma kibali huweza kukata mahali pasiporuhusiwa bila kujua, au kulipa zaidi ya haki.

9. Wenzetu wa Gazi

Kusini ya Mombasa, katika Kenya, kuna ghuba ya Gazi. Mikoko yake iliwahi kukatwa sana kwa ajili ya nguzo na kuni za viwandani. Wanavijiji wakishirikiana na wataalamu walipanda upya na kulinda. Tangu mwaka 2013 wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117. Watu wa nchi za nje hulipa kwa sababu mikoko hiyo hushika hewa ya ukaa. Fedha huenda kwa kijiji chenyewe, na wanakijiji huamua matumizi. Wamevuta maji ya bomba na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata zawadi ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator.

Hekta 117 si nyingi. Kwetu ni kama kipande cha pembeni. Lakini Gazi wana kitu cha kuiga: kijiji kimekaa pamoja, kimeandika mpango, na hesabu inasomwa mbele ya watu wote. Mtu akija kwetu na karatasi ya mradi wa namna hiyo, tusikatae kwa hofu wala tusikubali kwa haraka. Tuulize: Mkataba ni wa miaka mingapi? Kijiji kitapata kiasi gani? Nani atashika fedha? Je, bado tutaruhusiwa kuvua na kupata fito za kujengea?

10. Hesabu

(a) Korija moja ni nguzo 20. Mkataji amepewa kibali cha korija 6. Ni nguzo ngapi?
(b) Kijiji kimeamua kwamba kila nguzo moja ikikatwa, ipandwe miche 3. Mkataji huyo atapanda miche mingapi?
(c) Darasa lina eneo lenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mmepanda mistari 10, kila mstari una miche 15. Jumla ni miche mingapi?
(d) Tuseme katika kila miche 10, mitatu imekufa. Itabaki mingapi katika ile mliyopanda?

Majibu: (a) 120 (b) 360 (c) 150 (d) 105

11. Maswali

1. Kamba hutaga wapi, na watoto wake hukulia wapi?
2. Kwa nini mizizi ya mchu hutoka juu ya tope?
3. Taja mikoko mitano kwa majina ya kijiji chako.
4. Kwa nini shamba la mpunga lililofyekwa katika mikoko huachwa baada ya miaka michache?
5. Bwawa la mto na udongo wa delta vinahusiana vipi?
6. Utajuaje kwamba mbegu ya mkoko imekomaa?
7. Taja mambo matano ya kutazama katika kibali.

12. Kazi ya darasa

Siku ya maji kupwa, darasa lote litembee kijito kimoja cha kijiji. Wazee waeleze palivyokuwa zamani: mikoko ilifika wapi, na samaki gani walipatikana. Mmoja wenu aandike. Chora ramani ndogo inayoonyesha mahali pa miti wazazi, mahali palipofyekwa, mahali pa taka, na mahali mnapotaka pasiguswe.

Kisha andikeni barua fupi kwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Barua iwe na tarehe, jina la darasa, jambo moja mnaloomba, na sababu yake. Isiwe na mambo kumi. Jambo moja linalofuatiliwa lina faida kuliko kumi yanayosahauliwa. Kila mwanakisomo atie saini kwa jina lake kamili. Nakala moja ibaki darasani, ili mwezi ujao tuulize: Barua yetu imejibiwaje?

Ndugu mwanakisomo, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mche mmoja hauzuii bahari. Lakini mikoko yote ya delta ilianza kwa mbegu moja moja zilizodondoka topeni, na tope likazipokea.